UZI: Vipepeo adimu wa misituni Uingereza, msimu wao ndio huu (Mei mpaka Julai), walio huku njooni tuelekezane

Kisiki Kichanga

Habari zenu wadau.

Kwenye ule uzi wa wikiendi za bei chee kuna jamaa kaandika kwamba Uingereza hakuna mnyama wa kutazama zaidi ya mbweha wa kwenye mapipa ya taka na njiwa wa stesheni. Sikutaka kubishana kule, nikaona nifungue uzi kabisa maana hili jambo lina urefu wake na msimu wenyewe umeshaanza, ukizembea wiki mbili tatu unasubiri mpaka mwakani.

Nchi hii ina aina kama 59 tu za vipepeo, nchi nzima. Najua mtu wa Pwani atacheka, Arabuko-Sokoke peke yake pale Kilifi ina zaidi ya mia mbili. Ila huo uchache ndio unaonogesha mchezo, unaweza kuwajua wote kwa sura na majina, alafu ukaanza kuwatafuta wale wagumu mmoja mmoja. Na wagumu wengi ni wa msituni. Wanaruka wiki chache tu kwa mwaka, tena kwenye vipande vidogo vya msitu ambavyo ukivuka barabara moja huwaoni tena.

Ratiba kwa kifupi ni hii. Mwisho wa Aprili anaanza Pearl-bordered Fritillary, wa rangi ya chungwa, chini ya bawa la nyuma ana mstari wa lulu saba nyeupe pembeni, anakwenda mpaka mwanzoni mwa Juni. Mei ndio mwezi wa Duke of Burgundy, mdogo, mkorofi, ntamzungumzia chini. Katikati ya Mei wanatoka Chequered Skipper na Wood White. Juni yote ni ya Heath Fritillary, huyu ndiye wangu, ndiye aliyenileta kwenye haya mambo. Juni ikielekea mwisho anashuka Purple Emperor kutoka juu ya mialoni na hapo watu wazima wenye kazi zao wanaanza kufanya vituko ambavyo ukivisimulia nyumbani utaambiwa umelogwa.

Sasa huyo Heath Fritillary, kwa kisayansi Melitaea athalia. Ngome yake kubwa ni misitu ya Blean hapa Kent, karibu na Canterbury, halafu yupo Exmoor na vipande kidogo vya Devon, Cornwall na Essex. Basi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watu walishaanza kumhesabu kama ndiye anayefuata kutoweka. Mabawa yake ni ya chungwa iliyoiva yenye mistari myeusi kama vyuma vya dirishani, anaruka chini chini usawa wa goti, anapiga mabawa mara mbili tatu kisha anateleza ameyatandaza. Haendi mbali kabisa. Aliyezaliwa kwenye uwazi mmoja wa msitu mara nyingi anafia humo humo.

Na jambo ambalo nataka mlishike kabla hamjaanza kuniuliza "mkuu nipe location": msitafute kipepeo, tafuteni mmea. Huyu kiwavi wake kwenye Blean anakula mmea mmoja mfupi wa maua ya njano uitwao cow-wheat, Melampyrum pratense, mmea wenyewe mwizi wa nusu nusu, una majani yake ya kijani lakini mizizi yake inanyonya mizizi ya jirani. Mbegu zake zinabebwa na sisimizi wa msituni. Ukikuta zulia la hiyo njano kwenye sehemu iliyokatwa miti miaka miwili mitatu iliyopita, kusini inapigwa jua, simama hapo hapo. Usizunguke. Wageni wote wanakosea hapo, wanatembea msitu mzima kilomita kumi wanarudi wamechoka wanasema hakuna kitu, kumbe wamepita kwenye kivuli muda wote.

Karibuni tujadili, maswali ruksa.

---

Fundi Dish

Mkuu, wanaliwa?

---

Kisiki Kichanga

Fundi Dish haishi sekunde tano hajaharibu uzi wa watu. Hawaliwi, na huyo Heath Fritillary ukimkamata tu bila kibali umevunja sheria, ile ya wanyamapori ya 1981. Wengine kama Duke kilichokatazwa ni kuwauza.

---

Dada wa Corby

Asante kaka kwa uzi, mimi niko Northamptonshire na watoto wawili, mkubwa kashikwa na wadudu kuliko TikTok kwa hiyo naomba msaada wa kweli. Tutoke saa ngapi, tuvae nini, na huku kwetu kuna nini maana Kent mbali na nauli ya treni unaijua mwenyewe

---

Kisiki Kichanga

Dada karibu, na kwa taarifa yako we ndo umekaa pazuri kuliko mimi.

Msitu wa Rockingham uko hapo mlangoni kwako. Chequered Skipper alitoweka England mwaka 1976, akabaki Scotland magharibi tu huko maeneo ya Fort William. Mwaka 2018 wale Butterfly Conservation, shirika la kuhifadhi vipepeo, wakaleta wengine kutoka Ubelgiji wakawaachia Fineshade, mwanzoni eneo lilifanywa siri maana wakusanyaji wa vipepeo bado wapo na hawana haya. Swali ambalo kila mtu anauliza ni kwa nini wasilete wa Scotland tu, wako karibu na ni ndugu wa nchi moja. Sababu ni chakula: wa Scotland kiwavi wake amezoea aina nyingine ya nyasi na mvua nyingi, wa Ubelgiji anaishi kwenye msitu wa nyanda unaofanana na wa Northamptonshire na nyasi anazokula ni zile zile walizokula wa England wa zamani. Kwa hiyo Mbelgiji ndiye aliyepewa viza.

Ni mdogo, kahawia iliyokolea na madoa ya dhahabu, anakaa kwenye nyasi pembeni ya njia pana za msituni, anaruka ghafla kama risasi, ukifumba jicho humwoni. Mwanao mwambie asikimbize, asimame aangalie alikotua. Na msitoke nje ya njia, nasisitiza, viwavi na mayai viko kwenye hizo hizo nyasi mnazokanyaga.

Muda: siku ya jua na upepo mdogo. Watu wa kuhesabu vipepeo wana kanuni yao, wanatembea kati ya saa 4:45 asubuhi na saa 9:45 mchana, joto lisipungue nyuzi 13 kama jua lipo, na kama ni mawingu basi lifike 17. Mi kwa kutazama napenda mapema kidogo, asubuhi jua likianza kupenya, kipepeo bado wa baridi anakaa kwenye jani ametandaza mabawa apate moto, hapo unamsogelea taratibu mpaka karibu kabisa. Mchana wa joto kali anakuwa na mambo mengi.

Mavazi: suruali ndefu, soksi juu ya suruali. Usione aibu. Misitu hii ina kupe na baadhi ya kupe wa huku wana ugonjwa wa Lyme, mkirudi nyumbani kagua watoto nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio.

---

Mtwapa Creek

Huu uzi umenigusa. Mimi kwetu ni Gede, na mamangu amefuga vipepeo vya mradi wa Kipepeo tangu mimi niko shule ya msingi. Kwa wasiojua, ule mradi ulianza 1993, wakulima wanaoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi kwenye vibanda vya neti, wakishageuka pupa (kile kifuko kigumu anachotokea kipepeo) wanapelekwa pale Gede, vinahesabiwa, vinapangwa kwenye pamba, vinasafirishwa kwa ndege kuja huku Uingereza na Marekani kwa zile nyumba za vioo za maonyesho. Unalipwa kwa pupa, na inabidi iende haraka kwa sababu ikikaa itaanguliwa njiani na hapo hela imeruka yenyewe.

Nilipofika huku mara ya kwanza nikapelekwa na marafiki kwenye hizo nyumba za vioo nikaona Charaxes wa nyumbani amekaa kwenye kipande cha ndizi bovu, watu wanampiga picha. Nikajiambia huyu huenda kalelewa na jirani yetu.

Ila hawa wa porini wa huku sijawahi kwenda kuwatafuta. Nilidhani hawapo. Na hiyo ya "tafuta mmea" mama angekubaliana na wewe, yeye hajui jina la kizungu hata moja la kipepeo lakini mti wa kila kiwavi anaujua na ameupanda nyuma ya nyumba.

---

Kisiki Kichanga

Mtwapa, mpe shikamoo mama. Huyo ndiye mtaalamu, sisi wengine tunasoma tu vitabu.

---

Mzee wa Hoja

Nimesoma yote. Nina tatizo na jambo moja. Umesema huyo kipepeo anataka sehemu iliyokatwa miti. Yaani ili kumtunza unaukata msitu? Sisi Tanzania tunaambiwa ukikata mti mmoja wa kuni wewe ni adui wa taifa, kuna watu wamehamishwa kwenye ardhi zao kwa ajili ya hifadhi, leo mzungu huyo huyo kwake anakata mwaloni anasema anahifadhi kipepeo. Hapo kuna janja, sitaki kuficha.

---

Kisiki Kichanga

Mzee wa Hoja nilikuwa nakusubiri, nilijua utakuja. Ngoja niandike vizuri maana hii ndo roho ya uzi wote.

Kwanza kinachokatwa sana si mwaloni, ni chesnati na hezeli. Misitu ya Kent kwa karne nyingi ilikuwa shamba la nguzo. Unakata mti mpaka kisiki, kisiki hakifi, kinachipua fito kumi au ishirini, unaziacha zikue miaka kumi na kitu mpaka ishirini, unakata tena. Fito zilienda kwenye uzio, kwenye mashamba ya hopsi za kutengenezea bia, kwenye kuni na mkaa. Na hawakati msitu mzima kwa mpigo, wanakata kipande hiki mwaka huu, mwakani kile cha jirani, kwa hiyo muda wote msitu una uwazi mpya mahali fulani, una vichaka mahali fulani na giza mahali fulani.

Sasa kipande kikishakatwa jua linafika chini. Mbegu zilizolala zinaamka, vayoleti zinatoka, primula zinatoka, cow-wheat inatoka. Vipepeo wanaingia. Baada ya miaka michache fito zimekua, kivuli kimerudi, mimea ile inakufa na kipepeo inabidi ahame. Kama kipande cha jirani kimekatwa, anahamia. Kama hakijakatwa, kwisha habari yake, si nimesema hasafiri mbali. Ndo maana Heath Fritillary wazee wa hapa walimwita mfuasi wa mkata miti, walikuwa wanamwona anakuja nyuma yao mwaka baada ya mwaka.

Karne iliyopita mambo mawili yakatokea. Nguzo na kuni zikakosa soko, watu wakaacha kukata. Na serikali baada ya vita ya kwanza ilitaka mbao, ikaanzisha tume ya misitu mwaka 1919, misitu mingi ya asili ikapandwa misonobari iliyobanana, ukiingia humo saa sita mchana unaweza kudhani magharibi. Msitu upo kwenye ramani, miti mingi kuliko zamani, na vipepeo hakuna. Pearl-bordered Fritillary alikuwa wa kawaida kabisa, leo ni wa kusafiria mpaka msitu wa Wyre kule Worcestershire na sehemu chache nyingine.

Kwa hiyo si kwamba anayekata anaharibu na asiyekata anatunza. Inategemea msitu gani na waliomo wamezoea nini. Kuhusu watu kuhamishwa kwenye ardhi yao, hapo sikupingi hata neno moja, hilo ni jambo lingine na lina uzi wake.

---

Mzee wa Hoja

Sawa umejieleza. Lakini kabla ya binadamu na panga lake hao vipepeo waliishi wapi? Au waliumbwa juzi na mkata kuni?

---

Kisiki Kichanga

Swali zuri sana hilo, na wataalam wenyewe wanabishana. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba zamani kazi ya kufungua msitu ilifanywa na wanyama wakubwa, ng'ombe mwitu, nguruwe mwitu, na dhoruba zinazoangusha miti. Wale wakaisha, binadamu na shoka akashika nafasi yao bila kujua. Ndo maana hapa Blean mwezi Julai 2022 walileta baisoni, nyati wa Ulaya, wakawafungia kwenye sehemu ya msitu ndani ya uzio, wanasugua miti mpaka inakufa, wanavunja, wanagaragara kwenye udongo. Wazo ni kwamba mnyama afanye kazi ya msumeno. Mi binafsi bado niko upande wa msumeno. Nyati hana ratiba, na huyu kipepeo anataka ratiba.

---

Msambaa wa Muheza

Naomba nichangie hapo kwenye hoja ya kukata na kutokukata maana mimi natoka Amani, Usambara Mashariki, na nimefanya kazi na wakulima wa vipepeo kule.

Wadau msije mkachukua somo la Kent mkalileta Amani. Msitu wetu haujawahi kuwa shamba la nguzo. Vipepeo wetu wengi wa msituni ni watu wa kivuli, chukua hawa Euphaedra, wanaruka chini kabisa kwenye giza, wanakula matunda yaliyooza yaliyoanguka, ukifungua msitu jua likaingia wao ndio wa kwanza kuondoka na wanaokuja ni wale wa kawaida ambao ukienda stendi ya Muheza unawakuta. Kiwavi anakula majani ya miti mikubwa na mizabibu ya msituni, siyo maua ya chini. Ukikata mti umekata sahani yake.

Msimu nao tofauti. Huku nyumbani kinachoamua ni mvua. Mvua ikikata, majani mapya yametoka, wiki chache baadaye ndo unaona mabawa. Huko Ulaya kinachoamua ni joto na urefu wa mchana.

Na kwa Mtwapa, sisi Amani tulianza nyuma yenu, miaka ya 2000 mwanzoni, wanakijiji wakawa wanauza pupa nje kama nyie. Mwaka 2016 ukaja ule uamuzi wa kusimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi na kipepeo naye akahesabiwa humo humo na tumbili na mijusi. Wamama waliokuwa wamepanda miti ya viwavi kwa miaka walibaki wanaitazama. Mtu alikuwa na sababu ya shilingi kutokata msitu, sababu ikaondoka. Ndugu zangu kitu cha namna hii kinauma.

---

Mtwapa Creek

Pole sana kaka. Upande wetu biashara iliendelea, na hapo ndipo utaona mstari wa mpaka unavyofanya kazi, misitu yenyewe haiko mbali, na baadhi ya vipepeo ni hao hao.

---

Mzee wa Hoja

Msambaa nimekuelewa zaidi kuliko mwenye uzi. Sasa hoja imekaa sawa. Endeleeni.

---

Bibi Darubini

Mimi nipo Kent pia, nastaafu mwakani, na nilikuwa muuguzi zamu ya usiku kwa hiyo asubuhi za jua nazijua. Kisiki umemruka Duke of Burgundy baada ya kutuahidi.

Nizibe pengo. Duke nendeni Denge Wood, sehemu inaitwa Bonsai Bank, ni Kent hii hii, mwezi Mei. Ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba akikunja mabawa yake, kahawia na chungwa kwa mirabaraba. Katika jamii yake yote ya vipepeo ni yeye peke yake anayeishi Ulaya, ndugu zake wengi wapo Amerika ya Kusini. Dume anachagua jani lake au tawi lake, anakaa, na kila kinachopita anakirukia, nyuki, nzi, kipepeo mkubwa mara tatu yake, madume wengine wanapigana wakizunguka juu juu kisha mwenye jani anarudi kwenye jani lake. Jike humwoni kirahisi, anatambaa tambaa chini kwenye primula anataga. Tena kuna ajabu, jike anatembea kwa miguu sita, dume anatembea kwa minne tu, ile ya mbele imedumaa.

Kutaka kujua kama wapo hata kama Mei imepita, geuzeni jani la primula au la ndugu yake cowslip taratibu bila kulichuma. Kiwavi anakula usiku na anaacha matundu matundu katikati ya mishipa, jani linakuwa kama limepigwa pini. Mchana kajificha chini.

Zamani huyu alikuwa wa msituni kabisa. Ukataji ulipokufa akahamia kwenye miteremko ya chokaa penye nyasi, na sasa wengi wako huko. Kwa hiyo na hili liongezeni kwenye hoja ya Mzee wa Hoja.

---

Kisiki Kichanga

Shikamoo Bibi Darubini. Nilimwacha kwa sababu najua wewe upo humu.

---

Bibi Darubini

Marahaba mwanangu. Uvivu tu huo.

---

Kijana wa Lens

Wakuu mi ni mtu wa picha. Simu inatosha au lazima kamera? Na kuna watu nimewaona wanawaweka kwenye friji wapoe ndo wapige, hiyo imekaaje

---

Bibi Darubini

Imekaa vibaya, usiifanye, na kwa Heath Fritillary ni kosa la jinai kama alivyosema Kisiki.

Simu inatosha ukienda asubuhi au siku ya mawingu baada ya siku ya jua, wanakuwa wamekaa juu ya vichwa vya nyasi wamefunga mabawa, wanalala. Sogea ukiwa umeinama, kivuli chako kisimguse, kivuli kikimpita tu ameshaondoka. Hata darubini ndogo inayoona karibu, mita mbili hivi, inasaidia kuliko lenzi ya bei mbaya, maana unatazama mambo yake badala ya kuhangaika na mipangilio ya kamera. Ukimpata Wood White kaa naye. Ni mweupe, dhaifu, anaruka polepole utadhani ataanguka. Dume na jike wanakaa uso kwa uso kwenye ua au jani, dume anatoa ule mrija wake wa kunyonyea, anauzungusha huku na kule mbele ya uso wa jike, anatikisa kichwa kushoto kulia, dakika nzima na zaidi. Mara nyingi jike anakataa.

---

Fundi Dish

Kwa hiyo hata huko anatikisa kichwa na bado anakataliwa. Nimejifunza kitu.

---

Dada wa Corby

Fundi 😂😂

Jamani tumeenda. Jumamosi jua lilikuwa zuri, tulikaa kwenye ile njia pana kama alivyosema kaka, mtoto kaona kitu kidogo cha dhahabu kimetua kwenye bua la nyasi kikaruka, kaniambia mama ndiye, mi sikuona chochote. Mzee mmoja mzungu mwenye daftari alikuwa karibu akasema ndiye kweli, akamwonyesha mtoto picha kwenye kitabu chake wakalinganisha. Huyo mzee kumbe anahesabu kila wiki. Hiyo kazi ya kuhesabu ni nini, analipwa?

---

Kisiki Kichanga

Hongera kwa mtoto! Wapo watu wazima wenye kamera za maelfu ya pauni wanamfuata huyo skipa siku nzima wanarudi mikono mitupu.

Halipwi dada. Ule mpango ulianza mwaka 1976 na ndo umekuja kuwa mfano kwa nchi nyingi. Mtu anachagua njia yake moja, anaitembea kila wiki kuanzia Aprili mosi mpaka mwisho wa Septemba, mwendo ule ule, anahesabu tu wale wanaotokea ndani ya mita tano, wa mita sita hahesabu hata kama ni wa dhahabu. Mwaka baada ya mwaka njia ile ile. Ndo maana leo wanaweza kusema kipepeo fulani ameshuka kiasi fulani bila kubahatisha, na 2024 mvua na baridi vilipoharibu msimu, na ile hesabu nyingine ya kiangazi ambayo mtu yeyote anashiriki ikawa ya chini kuliko zote tangu waianze mwaka 2010, Butterfly Conservation walitangaza hali ya dharura. Mwaka uliofuata majira ya kuchipua yakawa na jua la kuvunja rekodi, vipepeo wakatoka mapema. Kwa hiyo tarehe nilizowapa pale juu msizichukue kama kalenda ya Ramadhani iliyochapishwa, angalieni hali ya hewa ya mwaka husika, ikiwa joto wahini wiki moja au zaidi.

Kama mtoto anataka, wanapokea watu wapya kila mwaka na mafunzo ni bure.

---

Kijana wa Lens

Na huyo Purple Emperor? Umesema watu wanafanya vituko ukaishia hapo

---

Kisiki Kichanga

Eeh huyo ni habari nyingine. Apatura iris. Mkubwa, dume akigeuka kwenye jua mabawa yanawaka zambarau ya kifalme, akigeuka tena ni kahawia ya kawaida. Anaishi juu ya mialoni, jike anataga kwenye mierebi, na maua hana habari nayo kabisa. Anachotaka akishuka chini asubuhi ni chumvi na uozo: mavi ya mbwa, mavi ya farasi, mzoga wa sungura, jasho la kiatu chako. Kwa hiyo utakuta bwana mzima amepiga magoti njiani anapiga picha kinyesi cha mbwa kwa heshima zote.

Wengine wanapeleka chambo. Kinachosifika ni ile rojo ya uduvi uliochachuka ya kutoka Malaysia na Indonesia, wanaipaka kwenye njia, harufu yake utaisikia kabla hujafika maegesho. Pa kwenda ni Fermyn Woods huko huko Northamptonshire kwa dada, au Knepp kule Sussex, lile shamba ambalo wenyewe waliacha kulima, mierebi ikajiotea kila mahali na Emperor akajaa bila kuletwa na mtu. Mzee wa Hoja, hapo hakuna aliyekata wala aliyepanda, kwa hiyo ukitaka kunisuta una silaha.

---

Msambaa wa Muheza

Kumbe mbinu ni zile zile. Sisi Charaxes tunamtegea ndizi iliyochacha, ukiongeza pombe ya kienyeji kidogo ndo kabisa, anakunywa mpaka unaweza kumshika kwa vidole. Hata mavi ya tembo anayapenda.

---

Mtwapa Creek

Swali la kitaalamu. Mimi nina ng'onda wa papa aliyebaki, ametumwa kutoka nyumbani, harufu yake jirani wa chini ameshaandika barua mbili. Atafaa?

---

Bibi Darubini

Atafaa sana. Mloweke usiku kucha, chukua yale maji tu, mwaga kidogo njiani penye jua kuanzia saa tatu asubuhi, uondoke usimame mbali kidogo. Samaki mwenyewe usimwache msituni, mbwa wa watu watamla.

---

Mtwapa Creek

Samaki mwenyewe ntamla mimi bibi, na nazi. Kisiki, Emperor wanatoka lini mwaka huu, niombe ofu?

---

Kisiki Kichanga

Kwa joto hili omba wiki ya mwisho ya Juni na ya kwanza ya Julai, ukikosa moja unapata nyingine. Dada wa Corby kama uko sawa tukutane Fermyn, ntawaandikia wote inbox siku ikikaribia tukiona utabiri wa hali ya hewa. Fundi Dish unakaribishwa ila unakaa upande wa upepo.